Mwanangu Anasoma Kitabu Kikiwa Kimefungwa

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Morogoro mjini na nina genge la mboga na matunda mbele ya nyumba yetu. Ninakuandikia kuhusu mwanangu wa pili, wa kiume, ambaye alitimiza miaka saba mwezi Machi na sasa yupo darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali iliyo jirani nasi. Hajui kusoma, na kwa muda mrefu sikujua kwamba hajui.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nakata mchicha uani, nikamsikia nyuma yangu akisoma ukurasa mzima wa kitabu chake cha shule bila kukwama hata mahali pamoja. Nikageuka nimpongeze, nikakuta kitabu kimefungwa, kiko mapajani, na yeye macho yake yanafuata kuku. Nikakifungua ukurasa huohuo, nikafunika picha kwa kiganja, kisha nikamwonyesha neno lililo katikati ya mstari. Alinitazama, akaanza upya kutoka mwanzo wa ukurasa kama mtu anayeimba, ili afike kwenye neno hilo. Nikamwandikia neno "baba" kwenye karatasi, akasoma "dada". Nikamwambia atazame vizuri, herufi kwa herufi, akasema, "bi, a, bia, bi, a, bia." Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka, halafu akakasirika.

Mtoto huyu si mjinga, Mwalimu. Nikienda sokoni humwacha gengeni na dada yake wa darasa la tano, na yeye ndiye hurudisha chenji ya noti ya elfu mbili bila kukosea. Hadithi za sungura na fisi alizosimuliwa na bibi yake huzisimulia mwanzo hadi mwisho, na kila mnyama ana sauti yake. Lakini akipewa kitabu hupiga miayo, huomba maji, hukumbuka kwamba hajamfungia mbuzi. Niongeze kwamba alianza darasa la kwanza akiwa na miaka mitano na miezi kumi, na kabla ya hapo alikaa mwaka mmoja katika chekechea ya binafsi walikofundishwa kwa Kiingereza, mpaka ada ikatushinda.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Baba yake anasema ni uvivu na dawa yake ni mkanda. Mama mkwe anasema tumwache, atakomaa, kusoma kutakuja kama meno yanavyokuja, na kweli mtoto mapengo ya mbele hayajajaa. Mwalimu wake wa darasa, ambaye simlaumu kwa sababu ana watoto zaidi ya tisini, ananishauri arudie darasa. Shemeji yangu anasema tujibane tumrudishe shule ya Kiingereza, kwa kuwa huko watoto husoma mapema. Nani nimsikilize? Na je, inawezekana akili yake ni nzito na mimi ninajifariji?

Mama wa darasa la pili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeandika mambo ambayo mwalimu mwenye watoto tisini angehitaji muhula mzima kuyaona kwa mtoto mmoja.

Tuliondoe kwanza hilo neno la akili nzito. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kusoma kwa namna ambayo mpaka leo sijaona iliyo nyepesi kuliko hiyo: kuelewa maandishi ni jibu la kuzidisha vitu viwili, yaani uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno na uwezo wa kuielewa lugha inaposemwa. Walisema kuzidisha, hawakusema kujumlisha, kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto anayesimulia hadithi nzima, akajua fisi aliponzwa na nini na sungura aliponea wapi, lugha anaielewa. Kilicho karibu na sifuri kwake ni kile cha kwanza peke yake, na hicho ndicho kinachofundishwa.

Kukariri ukurasa nako usikuite udanganyifu. Uta Frith, mwanasaikolojia aliyefanya kazi yake Uingereza, aliigawa safari ya kusoma katika hatua tatu katika maelezo yake ya mwaka 1985, na hatua ya kwanza ni ile ambayo mtoto hulitambua neno kama anavyoitambua picha, kwa umbo lake zima, bila kushughulika na herufi zilizomo. Ndiyo maana mtoto asiyejua herufi hata moja anaweza kukusomea jina la soda kwenye ubao wa duka, lakini jina hilohilo ukiliandika kwa chaki chini ya mwembe halijui. Mwanao yupo hapo. Ana masikio mazuri na kumbukumbu nzuri ya maneno yaliyosemwa, akavitumia kuziba pengo, na akaziba vizuri kiasi kwamba shule haikuona kuwa bado hajaanza kuzitazama herufi.

Sasa nije kwa mama mkwe wako, ambaye maneno yake yana ukweli nusu. Kuongea humjia mtoto mzima hata asipofundishwa, mradi anaishi na watu wanaoongea naye. Kusoma hakuji hivyo. Maandishi yana umri wa miaka elfu tano na ushee tu, muda mfupi mno kwa binadamu kuzaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa kazi hiyo, na kwa hiyo kila mtoto huazima. Stanislas Dehaene wa Ufaransa, aliyetumia miaka mingi kuutazama ubongo wa watu wanaosoma, ameonyesha kwamba eneo linalotambua maneno yaliyoandikwa, lililo nyuma kidogo upande wa kushoto, ni eneo ambalo kwa asiyejua kusoma linajishughulisha na kutambua sura za watu na vitu. Kazi hiyo mpya halianzi lenyewe kwa kupita miaka. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwaomba watu wazima wa sehemu moja ya wakulima nchini Ureno waondoe sauti ya kwanza katika maneno waliyotamkiwa. Wale ambao hawakuwahi kujifunza kusoma wengi wao walishindwa, na wenzao waliojifunza ukubwani wengi wao waliweza. Watu wale walikuwa wamekomaa na meno yao yote, lakini bila herufi masikio yao hayakuwa yamezoea kuikata silabi katikati.

Silabi yenyewe ni jambo jingine, kwani hiyo mtoto huisikia mapema. Watoto wa pwani wamekuwa wakicheza kinyume tangu zamani, wakichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, nyumba ikawa "mbanyu", na wengi wao walicheza hivyo bila kujua herufi. Mjaribu mwanao kwa mchezo huo pamoja na dada yake. Nitashangaa asipoweza. Lakini ukimwuliza neno "mama" lina sauti ngapi, atakujibu mbili, ma na ma, na hapo ndipo ulipo ukuta wake: anaisikia "ma" kama kokoto moja isiyopasuka, wakati maandishi yetu yanamtaka aone kwamba ndani yake mna m na a.

Ukweli wa mama mkwe upo kwenye kile ambacho kichwa cha mtoto kinaweza kubeba kwa mara moja. Mtajie tarakimu moja moja, taratibu, kama unayemsomea namba ya simu, kisha mwambie azirudie kwa mpangilio. Mtoto wa miaka saba kwa kawaida hurudia nne au tano, na mtu mzima hufika saba hivi. Sasa mtazame anaposoma neno "tulipowatembelea". Kwa msomaji wa Kiingereza wazo hilo lingekuwa maneno manne au matano mafupi yenye nafasi kati yake. Sisi tunalifunga kwa kamba moja, silabi nane. Mtoto anayesaga silabi moja baada ya nyingine, na kila moja inamgharimu, akifika "le, a" zile "tu, li, po" zimeshadondoka njiani, na yeye hubaki na mkia usio na kichwa. Ndipo anapokisia, au anapoomba maji. Mimi nimeona watoto wengi walioitwa wavivu kwa sababu hiyo tu, na huwa nasema kwamba Kiswahili ni chepesi kuandikwa herufi zake, lakini maneno yake ni mizigo mirefu kwa kichwa cha miaka sita. Mwanao aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka mitano na miezi kumi, huenda akakaa dawati moja na mwenzake aliyemzidi mwaka mzima na zaidi. Katika umri huo mwaka mmoja ni mwingi, kwa kumbukumbu na kwa uwezo wa kutulia pia.

Chuoni tulikaririshwa hatua za ukuaji wa akili za Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, na wengi wetu tulitoka tukiamini kwamba kabla ya miaka saba hakuna cha kufundisha ila kusubiri. Niliamini hivyo miaka yangu ya kwanza kazini, na kuna watoto niliowacheleweshea kwa imani hiyo. Kilichonisaidia zaidi baadaye ni kazi ya Emilia Ferreiro wa Argentina, aliyesoma kwa Piaget mwenyewe, ambaye aliwauliza watoto wasiojua kusoma wanayafikiriaje maandishi, akakuta wana nadharia zao kamili. Moja ya nadharia hizo unaweza kuijaribu leo jikoni. Muulize, "Neno lipi refu, tembo au sisimizi?" Akijibu tembo, usimcheke: anatazama mnyama, hatazami neno. Mpigie makofi, te-mbo, si-si-mi-zi, umwache ahesabu mwenyewe. Siku atakapojibu sisimizi huku akitabasamu, ujue ameanza kulitenga neno na kitu chake, na bila hatua hiyo herufi hazina mahali pa kushika.

Sasa ile "baba" iliyosomwa "dada". Tangu azaliwe, macho ya mtoto yamejifunza kwamba kitu ni kilekile hata kikigeuka. Kikombe kikiwa na mkono kulia au kushoto ni kikombe, na mbuzi akitazama mashariki au magharibi ni mbuzi yuleyule mliyemnunua. Ubongo umejengwa kupuuza tofauti hiyo, na ni jambo jema, maana bila hivyo angewapotea wazazi wake kila wanapogeuza uso. Kisha anakutana na b na d, umbo moja lililogeuzwa, na kwa mara ya kwanza maishani anaambiwa kwamba kugeuka kunabadili jina. Kiswahili nacho kimemwekea mtego kwa makusudi kana kwamba kinamtania: maneno mawili ya nyumbani kwake, anayoyatumia kila siku, yanatofautiana kwa kugeuka huko tu. Watoto wengi hulikosea hilo mpaka miaka saba au minane, na peke yake si ugonjwa. Usimfundishe b na d siku moja. Chukua b peke yake wiki nzima, aichore kwa kidole kwenye mchanga huku akitamka sauti yake, mpaka mkono uijue kabla ya macho, d isubiri.

"Bia" ilinichekesha kama ilivyomchekesha baba yake, ila mtoto hakukosea hesabu. Alifundishwa chekechea kwamba herufi hiyo inaitwa "bii", kwa wimbo wa ei, bii, sii. Bii na a ni bia. Amejumlisha sawasawa kile alichopewa. Na balaa kubwa liko kwenye irabu. Katika wimbo ule herufi e inaitwa "ii", na i inaitwa "ai", na a inaitwa "ei", kwa hiyo darasani akiambiwa asome "meza" kuna sauti mbili zinazogombania herufi moja kichwani mwake. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wanahimizwa kufundisha sauti ya herufi, si jina lake. Huenda mwalimu wake anafanya hivyo vizuri, lakini anapanda juu ya mbegu nyingine iliyotangulia, na katika watoto tisini hawezi kujua nani alitoka chekechea ya namna gani. Hili ndilo jambo la kwanza la kumwambia.

Nyumbani, usimrudishe kwenye kitabu kile anachokijua kwa moyo. Kiweke juu ya kabati. Kata boksi la sabuni vipande vidogo, andika kila kimoja herufi moja, na anza na irabu tano peke yake, ukizitamka zilivyo, a, e, i, o, u, mpaka asikie neno "embe" akaichomoa e bila kufikiri. Wimbo wa ei, bii, sii kwa sasa unyamaze ndani ya nyumba. Kisha leta m, ukitamka sauti ya midomo iliyofungwa, "mmm", bila kuiongezea irabu, na umwonyeshe jinsi "mmm" inavyosogea kuelekea a mpaka zinashikana. Chukua vizibo vya soda, kwenu gengeni havikosekani: kila sauti anayoisikia asukume kizibo kimoja, m kizibo, a kizibo, m kizibo, a kizibo. Kokoto ile inapasuka hapo, kwa vidole, kabla haijapasuka kichwani.

Tahadhari moja kuhusu chati yetu ya ba, be, bi, bo, bu, tuliyolelewa nayo sote. Ni chombo kizuri kinachoharibiwa kwa kuimbwa. Mtoto mwenye masikio kama ya mwanao ataikariri kwa siku mbili, na ukimwonyesha "bo" ataanzia "ba" kimoyomoyo na kushuka ngazi, kama alivyokufanyia kwenye ule ukurasa. Vipande vya silabi vichanganye kama karata, vya m pamoja na vya k na vya t, na utengeneze maneno, mengine yapo na mengine hayapo, "miko, tame, koti, keta", ucheke naye ni lipi neno la kweli na lipi si neno. Neno lisilokuwepo haliwezi kukaririwa, na hilo ndilo litakalokuonyesha kama anasoma.

Zikishakaa silabi za kawaida, atajikwaa kwenye mb, nd, nj na wenzao. Ataandika "dizi" akimaanisha ndizi na "buzi" akimaanisha mbuzi, na utadhani ni uzembe. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, walioyachunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, waliandika mwaka 2003 kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia iliyonyooka kama yetu si kazi ndogo, nami nakubaliana nao kwa sababu ya madaftari niliyosahihisha. Ile n ya ndizi imejificha ndani ya d, hailingani na m ya "mtu" inayosimama peke yake na kupigiwa kofi lake. Mwambie ashike pua wakati wa kusema "ndizi", atasikia kitu kinaziba. Hicho ndicho alichokisahau kuandika.

Kuhusu maneno marefu, usimpe silabi nane azisage. Mpe kichwa kimoja na mikia mingi: wanacheza, wanalala, wanakula, wanaimba. Akiandikiwa hayo kwa mstari wa kushuka, akiona "wana" ileile juu hadi chini, baada ya siku chache macho yataacha kuisoma kama herufi nne na yataichukua kama kipande kimoja, na kumbukumbu yake itakuwa imepata nafasi ya kubeba kinachofuata. Baadaye "ali", kisha "tuta". Lugha yetu imejengwa kwa viambishi, mtoto amevitumia mdomoni tangu ana miaka mitatu, na sioni kwa nini tunamchelewesha kuvifahamu kwa macho.

Fanya haya dakika kumi na tano kwa siku, asubuhi kama inawezekana, au baada ya chakula cha mchana, si usiku akiwa amechoka, na uache angali anataka kuendelea. Hadithi za bibi ziendelee jioni kama zamani, na mkipata kitabu cha hadithi dada yake amsomee. Kile kipengele cha pili cha Gough na Tunmer kinaendelea kukua kwa njia hiyo wakati cha kwanza kinatafutiwa dawa.

Kwa baba yake, mwambie kwa heshima kwamba mkanda unachukua nafasi ileile ya tarakimu nne au tano. Mtoto mwenye hofu hutumia kichwa chake kutazama mkono wa baba uko wapi, na kinachobaki hakitoshi hata kwa "ba". Na kama anataka kusaidia, nina kazi yake: aandike vile vipande vya boksi kwa mwandiko mkubwa ulionyooka, kisha yeye ndiye awe wa kusomewa, neno moja tu kila siku anaporudi kazini.

Kuhusu kurudia darasa, mimi huwa mgumu. Kurudia mwaka bila kubadili namna ya kufundishwa ni kumpa nafasi ya kukariri ukurasa uleule kwa ufasaha zaidi, na aibu juu yake. Mwombe mwalimu asiamue kabla ya mwisho wa mwaka, umweleze habari ya "bia" na ya kitabu kilichofungwa, na umwombe amwulize mwanao maneno nje ya kitabu, hata mawili kwa wiki. Ikifika Novemba bado anasaga herufi, na shule ikawa tayari kumkalisha na watoto wa umri wake na kuanza naye kwenye sauti, nitabadili msimamo wangu.

Shemeji yako naye ana nia njema, ila ameona upande mmoja. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha zaidi ya kumi za Ulaya, wakakuta kwamba watoto wa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, Kifini na Kiitalia zikiwemo, walikuwa wakisoma maneno karibu yote kwa usahihi kufikia mwisho wa darasa la kwanza, wakati wale wa Kiingereza walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Hao walikuwa watoto ambao Kiingereza ni chao cha nyumbani. Kiswahili kwa irabu zake kimo kundi moja na Kifini. Siri ya kwamba alama inasimamia sauti hujifunzwa mara moja tu maishani, na ni busara ajifunze mahali ambapo alama hazimdanganyi, katika lugha ambayo akishatamka neno anajua maana yake. Kiingereza atakikuta, na atakiingia akiwa msomaji.

Limebaki jambo la afya, nalo lifanyike hata kabla ya vizibo. Mpeleke hospitali apimwe masikio na macho, hasa kama hukuambia "eeh?" mara kwa mara au aliwahi kutokwa usaha masikioni. Na muulize baba yake, bila ugomvi, kama yeye au ndugu zake waliteseka hivi utotoni. Kuna hali ya ugumu wa kusoma na kuandika iitwayo disleksia, ambayo hupita katika familia na haina uhusiano na akili ya mtu. Katika lugha zenye tahajia iliyonyooka mara nyingi haionekani kwa kusoma vibaya bali kwa kusoma polepole kupita kiasi na kukosea kuandika, hata baada ya kufundishwa vizuri. Sisemi anayo. Hajawahi kufundishwa kwa namna itakayotuwezesha kujua. Ikiwa baada ya miezi sita ya kazi hii ya kila siku bado silabi tatu zinamtoa jasho, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, ukiwa na daftari lenye tarehe na maneno aliyoyasoma.

Anza likizo ya Juni shule zikifungwa. Likizo ikikaribia kwisha, mwandikie kwenye karatasi safi, bila picha, sentensi hii ambayo hajawahi kuiona: "Dada alimpa baba ndizi mbivu." Usimsaidie wala usimsahihishe. Andika alivyoisoma, neno kwa neno, pamoja na pale alipokwama na alipokisia, kisha unitumie.